Nani anamruhusu nani

Karatasi ilikuwa na kurasa mbili, na ule wa pili ulikuwa na maandishi madogo hata ikabidi niisogeze chini ya taa ya jikoni. Mama, jirani yangu wa chini, alikuwa ameihifadhi kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi za chanjo za wajukuu, stakabadhi za kodi ya nyumba na picha moja ya pasipoti iliyobaki tangu safari. Aliikunjua juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja, mara mbili, tatu.

"Mwanangu, hii nilishaisinye. Walisema nisinye, nikasinye. Sasa nataka unisomee nilisinye nini."

Kusinye ni kusaini kwa Kiswahili cha Kongo. Cha Mama ni cha Kivu Kusini, kikakaa miaka 18 Nyarugusu, kambi ya wakimbizi wilayani Kasulu, Tanzania, kabla ya kuvuka bahari kuja Marekani. Mimi ni mtu wa Ujiji. Tunaelewana bila shida: yeye akisema sombe mimi nasikia kisamvu, akisema munganga nasikia daktari, akisema dosiye nasikia faili. Tunakaa jengo moja, yeye chini, mimi juu. Kazi yangu ni ukalimani wa hospitali, na ya kazini huyaacha kazini. Kwa Mama nilishuka kama jirani, na kabla ya kuandika haya nilimwomba ruhusa. Alinipa, kwa masharti yake. Nitayafikia.

Mama alifanya kazi miaka mitatu kwenye kiwanda cha nyama, zamu ya usiku. Watu wetu wengi wako huko, kwa sababu kazi yenyewe haidai Kiingereza kingi, inadai mgongo. Usiku mmoja wa Februari alinyanyua boksi, akasikia kitu kimekatika kiunoni, akakaa chini palepale sakafuni. Kiwanda kina bima ya fidia kwa wanaoumia kazini. Wiki mbili baadaye bima ikatuma barua, na ndani ya barua ile fomu: tunaomba uziruhusu hospitali zitupe kumbukumbu zako za matibabu.

Aliyemsomea ni mjukuu wake wa miaka 12. "Bibi, wanataka karatasi za hospitali ndiyo wakulipe." Mtoto hakudanganya. Alisoma alichokielewa, akaruka asichokielewa, na alichokiruka ndicho kilichokuwa moyo wa karatasi: kumbukumbu zote, za aina yoyote, kutoka kwa mtoa huduma yeyote, za tarehe yoyote, zikiwemo za afya ya akili.

Mwezi mmoja baadaye simu ikalia. Ofisa wa bima upande mmoja, mkalimani wa simu katikati, Mama upande wa pili. Ofisa akamwambia kwamba mgongo wake si wa kiwandani, ni wa zamani, maana iko taarifa kwenye faili kwamba aliumizwa kule Kongo. Kisha akamsomea sentensi moja kutoka kwenye faili hilo, neno kwa neno, ili aone kwamba hasingiziwi.

Sentensi yenyewe siiandiki. Ilitoka kwenye uchunguzi wa afya wanaofanyiwa wakimbizi katika wiki za mwanzo baada ya kufika Marekani: damu, kifua kikuu, chanjo, na maswali kuhusu yaliyompata mtu kabla ya kuja. Mama aliyajibu yale maswali mara moja tu, kwa nesi mmoja, mlango umefungwa. Watoto wake wenyewe hawajui. Na sasa mwanamume asiyemjua anamsomea kwenye simu, katikati ya mchana, mjukuu akiwa sebuleni.

"Alijuaje?" ndilo neno aliloniambia nilipofungua mlango. "Yule nesi nilimwambia sisi wawili."

Nesi hakumsaliti. Karatasi ya kurasa mbili ndiyo iliyofungua mlango, na sahihi iliyokuwa chini yake ni ya Mama mwenyewe, herufi kubwa zilizolala kidogo upande wa kushoto, kama alivyojifunza kuandika kwenye darasa la watu wazima kambini.

Nimelifikiria jambo hili kwa miezi. Mama si mjinga hata kidogo. Amelea watoto sita katika nchi tatu, na sokoni hapunjwi hata senti. Kwa nini akasaini kwa wepesi hivyo? Nilipomuuliza alinijibu kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Nilidhani ni wao wananipa ruhusa."

Hapo nikaelewa. Aliyeishi Nyarugusu anajua ruhusa ni nini. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996, na kwa sheria ya Tanzania mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Unataka kwenda kumuona ndugu Kigoma mjini, unapanga foleni kuomba kibali. Unataka kufika hospitali ya rufaa, kibali. Miaka 18 karatasi yenye neno ruhusa ilimshukia kutoka juu, yeye akiwa chini ameshika mikono, akiomba ipigwe muhuri. Hakuna siku hata moja ambapo ofisi ilimjia yeye ikasema: sisi hatuwezi kwenda mbele mpaka wewe utukubalie. Ilipomjia kweli, kwenye kiti cha jikoni kwake, hakuitambua. Aliona karatasi, akaona mstari wa sahihi, akafanya kama alivyozoea. Alishukuru na kusaini.

Wala si wakimbizi peke yao. Mimi nimekulia Tanzania na sikumbuki hospitali iliyowahi kumuuliza mama yangu mzazi kama anaridhia faili lake lisomwe na fulani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tumeipata mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Kenya walitangulia, mwaka 2019. Kabla ya hapo tulikuwa na kitu kingine ambacho naamini kilitulinda kuliko tulivyojua, nacho ni daftari. Unanunua daftari la shule, unaandika jina juu, unakwenda nalo zahanati. Daktari anaandika humo, nesi anaandika humo, kisha unarudi nalo nyumbani. Mama yangu aliyatunza yetu ndani ya sanduku la bati, chini ya kitenge cha harusi. Mtu akitaka kujua niliwahi kuugua nini, sharti apite kwa mama, na mama aamue kufungua sanduku au asifungue.

Hapa Marekani daftari liko kwenye kompyuta ya hospitali. Huwezi kulificha chini ya kitenge. Kilichobaki mkononi mwako ni hiyo fomu tu, ndiyo ufunguo wa sanduku, na ndiyo maana inaniuma kuona inavyosainiwa kama risiti ya duka.

Yanayotakiwa kwenye fomu hiyo yanajulikana. Sheria ya mwaka 1996 iitwayo HIPAA, ambayo kanuni zake za faragha zilianza kuzibana hospitali nyingi Aprili 2003, inataka ridhaa ya kutoa kumbukumbu za matibabu iseme taarifa gani zinatolewa, nani anazitoa, nani anazipokea, kwa ajili gani, na ruhusa inakwisha lini au kwa tukio gani. Kisha sahihi na tarehe. Fomu inapaswa pia kukuambia kwamba unaweza kuifuta ruhusa kwa maandishi, na kwamba taarifa zikishafika kwa mpokeaji huenda zisilindwe tena na sheria hiyo. Hilo la mwisho watu wengi hulipita. Hospitali imefungwa na HIPAA, lakini si kila anayepokea faili kutoka hospitali amefungwa nayo. Kumbukumbu ni kama maji: yakishamwagwa kwenye ndoo ya mwingine, kata si yako tena.

Na kanuni hiyohiyo inataka fomu iandikwe kwa lugha nyepesi. Nimesoma mamia ya fomu hizi kwa kazi yangu. Chache sana nimeziona nyepesi.

Sheria haimkatazi mtu kuomba kumbukumbu zote. Anaweza kuomba zote, na ukisaini zote, umetoa zote. Lakini wewe nawe hukatazwi kuuliza kwa nini zote, wala kukata neno kwa kalamu na kuandika lako juu yake. Huenda aliyeomba akakataa karatasi uliyoikata, akasema madai yako yatachelewa, nayo kweli yakachelewa. Hapo mtu huhitaji mwanasheria, na miji mingi ina ofisi za msaada wa kisheria zisizotoza maskini. Lakini mazungumzo yanaanza. Ukisaini bila kusoma hakuna mazungumzo.

Kuna fomu nyingine ambayo wazee wetu wanaoomba msaada wa ulemavu serikalini hukutana nayo, SSA-827. Inadumu miezi 12 tangu siku ya sahihi, na wanaoruhusiwa kutoa habari zako ni wengi: hospitali, wanasaikolojia, shule, waajiri, hata ndugu, majirani na marafiki wanaoijua hali yako. Sisemi ni fomu mbaya. Bila hiyo madai hayasogei, na mara nyingi maelezo ya jirani ndiyo yanayomwokoa mgonjwa. Nasema mzee anayesaini ajue kwamba jirani naye yumo. Asiyejua kuandika anaweka alama, na mashahidi wawili wanasaini. Nimewahi kumuona mzee akiiweka alama ile polepole, akainua kalamu, akauliza, "Imetosha?" Kama vile karatasi ndiyo inayompima yeye.

Sasa nije kwenye kosa langu. Kwa miaka mingi, nikifika kwenye sentensi ya kuidhinisha kutoa taarifa, nilikuwa naitafsiri hivi: "Naidhinisha kutolewa kwa taarifa zangu." Kisarufi haina doa. Lakini iangalie vizuri. Kutolewa na nani? Kupewa nani? Taarifa zipi? Mwenye kutenda amefichwa, anayepokea amefichwa, na msikilizaji anabaki na wingu. Wazee wengi wakisikia "kutoa taarifa" wanakumbuka mjumbe wa nyumba kumi na redio.

Kiswahili kina dawa yake, nayo ni kitenzi kidogo kabisa, kupa. Huwezi kusema "nimpe" ukaishia hapo; anayekusikiliza atakuuliza, umpe nani, umpe nini? Kwa hiyo siku hizi nasema: "Ninaiambia hospitali hii impe mwanasheria huyu karatasi za mgongo wangu tu, tangu mwezi huu mpaka mwezi ule." Msikilizaji akishasikia nani ampe nani nini, swali la "kwa nini" linamtoka mwenyewe bila kuulizwa. Nimeliona likitokea tena na tena. Nyuso zinabadilika. Mtu anavuta kiti mbele.

Na neno ridhaa nimeanza kulirudisha mahali pake. Ofisini tumelitumia mpaka likawa jina la karatasi, "leta ridhaa", "ridhaa iko wapi". Lakini ridhaa ni ya moyo, iko ukoo mmoja na radhi. Ujiji, siku ya ndoa, nilikuwa nimekaa na wanawake chumbani kwa bibi harusi mashahidi walipotumwa kuja kumuuliza. Walimtajia jina la bwana na jina la baba yake. Walimtajia mahari, kiasi chake. Ndipo wakamuuliza, umeridhia? Chumba kizima kilinyamaza kumsubiri. Hakuna aliyethubutu kumwambia, ridhia kuolewa na mume yeyote, kwa mahari yoyote, siku yoyote. Angefukuzwa na bakora. Lakini fomu inayosema "kumbukumbu zozote, kwa yeyote, wakati wowote" inamtaka mtu aridhie kwa namna hiyohiyo, nasi tunaiita ridhaa.

Juni 2021 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Warohingya walio kambini Bangladesh ambayo ilinikosesha usingizi. Walipoandikishwa ili wapate kadi za msaada, walipewa risiti iliyochapishwa kwa Kiingereza, ndani yake ikiwemo sehemu ya ndiyo au hapana kama taarifa zao zinaweza kupelekwa kwa serikali ya Myanmar, ileile waliyoikimbia. Wengine waliohojiwa walisema hawakuulizwa kabisa, wakaja kugundua baadaye kwamba ndiyo ilishawekwa kwa niaba yao. Serikali ya Bangladesh ilipeleka Myanmar majina yasiyopungua 830,000. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, lililoshiriki kuwaandikisha, lilijibu kwamba wakimbizi walielezwa na kuombwa ridhaa. Mimi nilibaki na ile risiti ya Kiingereza. Nilimfikiria mtu ameishika mkononi, ameikunja vizuri, ameitia kwenye mfuko wa nailoni.

Tulichokifanya na Mama ni kwanza kufuta. Tuliandika barua mbili, moja kwa bima, moja kwa kliniki, tarehe juu, kwamba ruhusa aliyoisaini anaiondoa tangu leo. Nilimweleza wazi kwamba barua haizirudishi karatasi zilizokwisha kwenda. Alitikisa kichwa. "Maziwa yamemwagika, lakini ng'ombe bado yupo," akasema, akasaini.

Halafu ikaja fomu mpya, ya mwanasheria wa msaada wa kisheria aliyekubali kumsimamia. Hii tuliijaza Jumamosi nzima, na sioni aibu kusema Jumamosi nzima. Mama alipika sombe kwanza. Alisema karatasi haisomwi na njaa.

Jina tu lilituchukua nusu saa. Kliniki imemwandika kwa jina la baba mwanzoni. Kadi ya ukaazi ina jina la ubatizo mwanzoni. Kiwanda kimeliunganisha jina la pili na la tatu likawa neno moja refu. Na tarehe ya kuzaliwa: 1 Januari, kama ya wakimbizi wengi ambao siku ya kuandikishwa hawakuwa na cheti, ikabuniwa siku ili kisanduku kisibaki wazi. Mama anajua alizaliwa wakati wa mavuno ya mpunga, na anajua hakuzaliwa Januari. Lakini fomu ikiwa na tarehe tofauti na ile ya kliniki, kliniki itairudisha, na hilo limempata hata jirani yetu wa ng'ambo ya barabara: fomu yake imerudi mara tatu kwa sababu ya herufi moja ya jina. Tukaandika jina kama kliniki inavyolijua, na pembeni majina mengine anayoitwa.

Kisha tukafika kwenye "taarifa gani". Palikuwa na visanduku, na cha kwanza kilikuwa kile cha zote. Nikamsomea vyote, kimoja kimoja, kwa kitenzi changu kidogo. Hospitali impe mwanasheria nini? Mama alichukua kalamu mwenyewe. Alivuta mstari juu ya neno la zote, mstari mmoja mrefu ulionyooka, akaubonyeza mpaka ukaacha alama kwenye kitambaa cha meza. Mahali pa kuandika tuliandika: mgongo na kiuno tu, tangu siku aliyoanza kazi kiwandani. Mahali pa mwisho wa ruhusa tuliandika siku 90. Mwanasheria alituambia anaweza kuhitaji muda zaidi. Mama akajibu kwamba akiuhitaji atakuja kuuomba, mlango wake anaujua.

Tulipomaliza aliomba nakala. Nilipiga picha kwa simu, akasema hapana, nakala ya karatasi. Nikaenda maktaba kuitoa. Ipo sasa kwenye mfuko wa nailoni, mbele ya zile nyingine.

Kwa wenye watoto wanaokaribia utu uzima, jambo moja la haraka: hapa mtoto akitimiza miaka 18, faili lake la hospitali ni lake. Mzazi hapewi kwa sababu tu ni mzazi. Chuoni nako hivyohivyo, kwa sheria iitwayo FERPA ya mwaka 1974. Nimewaona akina mama wakilia dirishani wakidhani wametukanwa. Kaa na mwanao kabla ya siku hiyo, mwombe ridhaa yake, naye akikwambia hii ndiyo, ile hapana, mpokee. Na hospitali ikikupa mtoto wako akutafsirie, kataa kwa heshima. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukuletea mkalimani bila malipo, na yule kijana wa miaka 12 hakustahili kubeba alichobebeshwa. Bado anadhani ni kosa lake. Nimekaa naye ngazini jioni mbili kumwambia si lake.

Shauri la Mama linaendelea. Mgongo unauma asubuhi, jioni unapoa.

Nilipomwambia nataka kuandika, alikuwa anachambua maharage. Hakujibu mpaka alipomaliza ungo mzima. Kisha akasema, bila kuniangalia: "Ya karatasi, andika. Ya kule usiandike, hata robo. Jina langu usitaje, kijiji usitaje, na watoto usiwataje majina. Waandikie watu wetu, wanaosoma Kiswahili. Na siku nikikwambia futa, unafuta."

Nikamwambia nimeelewa.

"Rudia nisikie," akasema.

Nikarudia, kimoja kimoja. Akatikisa kichwa, akasukuma ungo pembeni, akaniuliza kama nimekula.